Mkopo wa Halmashauri: Faida Inamfikia Nani?

(Maneno ya mtunza hazina wetu mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, na nyie vijana mliosimama pale mlangoni, sogeeni ndani, jambo hili ni lenu pia.

Nimeombwa niseme habari za mikopo ya asilimia kumi. Wengi mnaijua kwa jina tu. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kila halmashauri hapa nchini inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwakopeshe wananchi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ukikopa milioni, unarudisha milioni. Sisi wa wilaya ya Kilombero tunazo halmashauri mbili, ya Mji wa Ifakara na ile ya Mlimba, na zote zinahusika.

Sasa hiyo fedha inatoka wapi? Inatoka kwenye ushuru wa mpunga wetu, ushuru wa soko, leseni za maduka. Kwa hiyo asije mtu akawaambieni ni zawadi. Ni jasho letu linalozunguka na kurudi, kama likirudi.

Masharti yake mnayajua. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba na akaunti ya benki, kiwe na shughuli ya kueleweka, na mwanakikundi asiwe mtu mwenye ajira rasmi. Maombi yanapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hayo yote ni makaratasi, na makaratasi yanatengenezeka. Sharti kubwa ni lile la kwamba kipato kimwendee yule aliyekusudiwa, na karatasi haiwezi kulitimiza hilo peke yake. Hebu niwaambieni yaliyonikuta mimi mwenyewe.

Mwaka 2022 alitufuata mfanyabiashara mmoja wa mpunga. Jina sitalitaja, na halina maana tena. Akatukuta wanawake watano akasema, nyie akina mama mna sifa, mimi sina, mimi nina mtaji na gari, nyie hamna, tuungane. Sisi tukaona mwanga. Usajili tukapata, na mkopo tukapata, shilingi milioni 5. Siku ile ile fedha ikahamia mikononi kwake. Sisi kila mmoja alipewa elfu 50, eti ya soda. Basi tukanywa soda.

Alilipa marejesho ya kwanza kwanza, mpaka milioni 2. Halafu simu yake ikawa haipatikani. Milioni 3 zilizobaki ziliandikwa kwenye majina yetu, siyo lake, laki 6 kila mama. Mimi nilitoa magunia manane ya mpunga wakati wa mavuno, gunia elfu 75, bei ya chini kabisa ya mwaka, nikalipa. Chakula cha watoto kile. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hii nchi nzima, maana vikundi hewa na madeni yasiyolipwa vilizidi. Wenzetu wengi walidhani na madeni yamesimama. Hayakusimama! Tuliendelea kulipa. Mikopo yenyewe ilifunguliwa tena mwaka 2024 kwa kanuni mpya.

Mtaniuliza, je, tulivunja masharti? Kwenye karatasi, hapana. Sote tulikuwa wanawake, hatuna ajira. Ila faida haikutufikia, na pale ndipo sheria ilipokufa. Sheria hii haiulizi kama wewe ni maskini. Inauliza kama ni mwanamke, kijana, au mwenye ulemavu. Mwenye duka mbili pale mjini naye ni mwanamke, na anawahi foleni kuliko mama wa kutwanga na kupepeta.

Tazameni TASAF wanavyofanya, tangu walipoanza kulipa ruzuku kwa kaya maskini. Majina yanatajwa mbele ya mkutano wa kijiji, kila mtu anasikia, mnajua nani ana ng'ombe na nani analala njaa, kisha dodoso linajazwa, na orodha inarudi tena kijijini. Ina makosa yake, siyo siri, watu wamenuniana kwa orodha ile. Lakini ni vigumu kumwingiza tajiri machoni pa jirani zake. Nashauri vikundi vyetu vifanye hivyo hivyo: kabla ya kupeleka maombi, majina yasomwe hapa, kwenye mkutano huu.

Na nyie mlioko TASAF, nasikia mnaogopa kuingia vikundini msije mkafutwa. TASAF wenyewe wanaunda vikundi vya kuweka akiba na wanatoa ruzuku ya kuanzisha miradi midogo. Kuuza maandazi siyo kosa. Usifiche biashara yako. Andika unachopata hasa.

Hapo kwenye kuandika ndipo tunapoanguka wengi. Mtu akiulizwa kipato, anataja mauzo. Chukueni mfano. Tuseme umenunua gunia la mpunga elfu 80. Kukoboa elfu 5, kubeba mpaka sokoni elfu 3. Jumla 88,000. Pumba umemwachia mwenye mashine. Umepata kilo 60 za mchele, ukauza 1,800 kila kilo, ni 108,000. Kipato chako siyo 108,000. Ni elfu 20. Kikundi cha watu watano kikiuza magunia kumi kwa mwezi, ni laki 2, kila mmoja elfu 40, na humo marejesho hayajatoka! Ukiliona hilo mapema hutakopa milioni 5. Utakopa inayobebeka.

Jingine, fedha ya bonde hili ina msimu. Mpunga unavunwa kuanzia Mei hivi, na masika mikubwa inaweza kuondoka na shamba zima. Mkipanga marejesho ya kila mwezi, lazima muwe na shughuli ya kila mwezi pia: samaki, maandazi, mboga. Kikundi cha mpunga mtupu Februari kitalipa na nini?

Basi, kila kikundi kiwe na daftari mbili. Moja ya biashara. Ya pili ina ukurasa wa kila mwanakikundi: alikuwa anapata kiasi gani kabla ya mkopo, anapata kiasi gani sasa, na saini yake mwenyewe au dole gumba. Isiandikwe na mwenyekiti kwa niaba ya wote. Afisa akija kukagua anafungua ukurasa wa mama Fulani na kumwuliza mama Fulani mwenyewe. Tungekuwa nalo daftari hilo mwaka 2022, ukurasa wangu ungesema elfu 50 ya soda, na mtu angeshtuka.

Mwenye ulemavu anaweza kukopa hata peke yake, asilazimishwe kubebwa kwenye kikundi cha watu. Mzee wetu fundi viatu, hilo nalisema kwa ajili yako.

Jumamosi baada ya saa nane nitakuwa ghalani na daftari tupu sita na rula. Watakaotaka kuomba msimu huu waje wote wenyewe, siyo mwenyekiti wao peke yake.