Mkazo wa Neno na Pigo la Ngoma: Kufundisha Mdundo katika Shule ya Msingi



Mtoto anapoambiwa mbele ya wenzake kwamba hajui mdundo, huenda asithubutu kuimba tena. Hoja yangu leo ni kwamba, kabla ya kumhukumu mtoto, hatuna budi kuichunguza lugha iliyotumika katika somo lenyewe.

Njia ya kutamka "ta" kwa pigo zima na "ti-ti" kwa pigo lililogawanywa nusu kwa nusu imeenea sana, nayo huhusishwa na Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967), ingawa chimbuko lake ni Ufaransa ya karne ya 19. Kodály aliijengea juu ya nyimbo za kwao. Katika Kihungaria, mkazo huangukia silabi ya kwanza ya neno. Kwa hiyo neno na pigo zito huanza pamoja.

Kiswahili hakiko hivyo. Kwa kawaida, mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. "Mama" huanza na pigo zito, bali "kitabu" huanza na silabi nyepesi inayolitangulia. Mwalimu akiamuru kofi zito lipigwe kwenye "ki", ameligeuza neno. Mtoto anayelichelewesha hadi "ta" hajakosea. Ameitii lugha yake.

Napendekeza hatua tatu. Kwanza, watoto watamke maneno huku wakitembea, mguu ukanyage penye mkazo. Pili, wapige kofi kwa kila silabi. Hapa "mtu" atapata makofi mawili, kwa kuwa "m" hiyo ni silabi kamili, kama washairi wanavyoihesabu katika mizani. Tatu, maneno yaachwe, yabaki makofi. Ndipo alama za muziki ziandikwe ubaoni.

Njia hii ina mpaka wake. Wimbo una ruhusa ya kuuhamisha mkazo, na utenzi wa mizani 8 waweza kuimbwa kwa mahadhi zaidi ya moja. Hilo nalo mtoto alijue, lakini ajifunze kuuhamisha mkazo akiwa amekwisha kuusikia.

Sisi wanaisimu tumezoea kuueleza mkazo kwa sentensi moja katika vitabu vya sarufi, tukapita. Mwalimu wa muziki anauhitaji kila asubuhi, mbele ya darasa zima. Tumfikishie.