Tusifiche ugonjwa kwenye fishi

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Lubunga



Leo tunaanza na kosa letu sisi wafanyakazi. Mama mmoja, aliyerudi hapa kisha mapigano ya 2023, alitaka kuandikisha watoto wake kwenye bima ya afya. Mtoto wa pili ni SS. Kwenye fishi waliuliza: kuna mwenye ugonjwa wa kudumu? Tulimwambia: «Mama, andika hapana, usijifungie mlango.» Akatusikiliza.

Kisha miezi mine, krizi ikaja. Mtoto aliongezewa damu mara mbili. Wenye bima waliposoma karatasi za hospitali, walikuta anajulikana kuwa SS tangu zamani. Wakakataa kulipa. Mtoto alipona, lakini yeye na mama yake walibaki palepale siku 11 sababu ya fakture. Ni ninyi mliochanga ili watoke. Mama, tunakuomba msamaha mbele ya wote.

Hii si shida ya nyumba moja. Waganga waliopima watoto wachanga hapa Kisangani walikuta karibu 1 kwa 100 ni SS. Ongeza wenye sukari na wenye tansio. Tukisema wagonjwa wabaki inje, tunabaki na nani?

Tuelewe kazi ya bima. Sheria ya 2015 ilimaliza wakati wa SONAS kuwa peke yake, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zinafanya kazi inchini. Kampuni inatafuta faida: mgonjwa inaweza kumwongezea bei, ama kuacha ugonjwa wake inje ya mkataba. Mutuelle ya afya, yenye sheria yake ya 8 Februari 2017, haitafuti faida. Ni mali ya wanachama. Lakini nayo inaogopa watu wanaoingia siku ya kuumwa tu. Ndiyo maana inaweka miezi ya kungojea.

Basi, tunaomba mambo matatu. Kwanza, andika ukweli. Uongo kwenye fishi unaweza kuvunja mkataba wote. Pili, mbele ya kutia sahihi, uliza: ugonjwa niliokuja nao mnaulipia? Nangojea miezi mingapi? Damu na dawa za kila mwezi zimo? Jibu liwe kwenye karatasi, lisiwe la mdomo. Tatu, tuingie pamoja, nyumba nzima nzima, wazima na wagonjwa. Mchango wa mzima wa leo ndio unamtibu mgonjwa, na kesho zamu inageuka.

Kwenu wafadhili, ombi letu ni dogo: mtusaidie kulipia matibabu ya wagonjwa wetu mu ile miezi ya kungojea. Hapo ndipo mama anashawishika kusema uongo.

Huyu mama ameandika fishi mpya. Safari hii ameandika SS. Tusimwache peke yake.