Kupima Majani ya Mazao kutoka Angani
(Maneno kwa wakulima wa Nyansurura)



Jani ndilo jiko la mmea. Mahindi yenye majani haba hupika chakula haba, na udongo uliobaki wazi huchukuliwa na mvua. Kwa hiyo yafaa kujua ni sehemu gani ya shamba iliyofunikwa na majani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa hata na setilaiti, vyombo vinavyoizunguka dunia juu sana. Vile vya Ulaya viitwavyo Sentinel-2, ambavyo cha kwanza kilirushwa mwaka 2015, hupita juu ya mashamba yetu kila baada ya siku tano hivi.

Hupimaje? Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu wa jua, na hurudisha juu kwa wingi mwanga wa namna nyingine ambao macho yetu hayauoni. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Basi chombo hulinganisha mianga hiyo miwili, na wataalamu hukadiria wingi wa majani. Hupima kwa miraba ya mita 10 kwa mita 10. Ekari moja ni kama miraba 40.

Lakini chombo hiki kina upungufu wake. Mawingu ya masika hukiziba. Majani yakisongamana sana, hakitambui vizuri shamba lililo zuri na lililo zuri zaidi. Na kubwa kuliko yote, magugu nayo ni kijani! Shamba la mvivu laweza kuonekana limestawi.

Msidhani jambo hili haliwahusu. Huko Marsabit, Kenya, mwaka 2010 wafugaji walianza kuuziwa bima ambayo malipo yake yalifuata ukijani wa malisho ulioonekana kutoka angani. Mtu akikuletea bima ya mazao ya namna hiyo, muulize kabla ya kutoa fedha: je, mnapima shamba langu, au eneo zima kwa pamoja? Wakipima eneo zima, shamba lako laweza kukauka na usilipwe kitu, kwa kuwa majirani wamepata mvua.

Nawe upime mwenyewe. Chukua kamba ya mita 10, uitie alama kila sentimita 10, upate alama 100. Itandaze chini kwa mshazari, ikate mistari ya mahindi. Simama wima juu yake, uhesabu alama zilizofunikwa na majani ya zao. Zikiwa 30, basi sehemu 30 katika 100 za ardhi zimefunikwa. Alama za magugu zihesabu mbali. Mahindi yakikupita kimo, ngoja jua la utosini uhesabu alama zilizo kivulini. Rudia mahali patano, maana mahali pamoja hudanganya.

Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili, uandike hesabu na tarehe katika daftari. Bwana Shamba au Bibi Shamba akifika, mwonyeshe.