Mtoto Asiyetulia Ibadani

Hapa Kisian tulikuwa na mtoto aliyepepesa macho na kutikisa shingo wakati wa sala. Tulimkemea, akazidi. Wengine wetu tukanong'ona habari za pepo. Tulikosa.

Miondoko hiyo hutoka katika ubongo, humjia mtoto bila kukusudia. Daktari Mfaransa Gilles de la Tourette aliieleza mwaka 1885. Mara nyingi huanza katika umri wa miaka 5 hadi 7, huzidi karibu na miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Hofu na uchovu huichochea.

Basi tusimkaripie. Tumweleze mwalimu wake, na ikimsumbua tumpeleke kwa daktari. Katika Marko 10 Bwana Yesu aliwakumbatia watoto bila kuwataka watulie kwanza.

Ee Bwana, utusamehe ukali wetu. Amina.