Mgeni njoo, mwenyeji apone: tulipata nini katika utafiti wa dawa za malaria?

Hotuba ya afisa wa afya ya umma kwa wakazi wa Kwale waliokutana katika baraza la wananchi. Imefupishwa kidogo.

 

Nimekuja kujibu swali. Siku moja nikitoka zahanati, mama mmoja alinisimamisha njiani akaniambia: "Watu wa utafiti walikuja, wakawadunga wanetu vidole, wakatupa tembe tukameza, wakaenda zao. Sasa sisi tulipata nini?" Sikutaka kumjibu kwa haraka barabarani. Swali lake ni la haki, na najua ni la wengi mlioketi hapa.

Wengi mnaukumbuka utafiti huo kwa jina la BOHEMIA. Ulianza kugawa dawa hapa Kwale wakati wa mvua za vuli za mwaka 2023. Waliouendesha ni watafiti wetu wa KEMRI-Wellcome Trust, walio na makao Kilifi, pamoja na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona, Uhispania. Fedha zilitoka kwa shirika la Unitaid. Wenzetu wa Msumbiji, katika wilaya ya Mopeia, walifanya utafiti kama huo.

Dawa iliyojaribiwa inaitwa ivermectin. Si dawa ngeni. Ilitokana na vijidudu vya udongo uliochukuliwa Japani na mtafiti Satoshi Ōmura, na William Campbell aliyekuwa Marekani akaonyesha kwamba inaua minyoo. Tangu 1987 imekuwa ikitolewa bure kwa nchi zenye ugonjwa wa upofu wa mtoni. Hutumika pia dhidi ya matende, ugonjwa ambao sisi watu wa Pwani tunaujua vizuri.

Sasa, dawa ya minyoo inahusiana vipi na malaria? Sikilizeni hapa. Ivermectin haimtibu mgonjwa wa malaria. Ukiimeza, inakaa katika damu yako kwa siku kadhaa, na mbu akikuuma anainyonya pamoja na damu, kisha anakufa. Chandarua kinakulinda ukiwa kitandani. Lakini kuna mbu wanaouma jioni ukiwa bado uwani, na wengine wamezoea dawa inayotiwa kwenye vyandarua. Hao ndio watafiti walitaka kuwafikia.

Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Upande mmoja ulipewa ivermectin mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Upande wa pili ulipewa albendazole, dawa ya minyoo ambayo watoto wetu huimeza shuleni. Kuna waliolalamika kwamba walinyimwa dawa halisi. Ukweli ni kwamba bila kundi la kulinganisha, hakuna ambaye angejua kama malaria imepunguzwa na dawa au na uchache wa mvua. Na kundi hilo halikuachwa mikono mitupu, kwa maana lilipata dawa yenye faida.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Watu zaidi ya 20,000 walishiriki. Waliopimwa damu ni watoto wa miaka 5 hadi 15, na katika vijiji vya ivermectin maambukizi mapya yalipungua kwa asilimia 26. Maana yake ni hii: mahali ambapo maambukizi yangekuwa 100, yalikuwa kama 74. Hayo ni juu ya faida ya vyandarua tulivyokuwa navyo. Madhara makubwa yaliyosababishwa na dawa hayakuonekana. Na wengi wenu mlisema jambo ambalo hatukulitarajia: kunguni walipungua vitandani!

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa yule mama. Jibu la pili si tamu sana. Dawa hii haijaingia katika zahanati zetu kama kinga ya malaria. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliyapitia matokeo, wakakubali kwamba faida imeonekana, lakini wakashauri utafiti uendelee. Kwa hivyo tafadhali, mtu asinunue ivermectin dukani akidhani anajikinga, na asiguse kabisa ile ya kudungia ng'ombe na mbuzi. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe.

Mtaniuliza, kwa nini tujisumbue na tafiti hizi na dawa ipo? Wazee hapa wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa dawa ya kila nyumba. Kisha vimelea vya malaria vikaizoea, watoto wakawa wanaimeza na homa haishuki. Mwaka 1998 Kenya iliiacha, ikachukua dawa ya SP. Hiyo nayo ikachoka. Mwaka 2004 serikali iliamua kutumia AL, na kufikia 2006 ikaanza kufika katika vituo vya afya.

AL yenyewe ni zao la ushirikiano. Sehemu yake moja inatokana na mmea wa artemisia. Nchini Uchina, mtafiti Tu Youyou alipekua vitabu vya kale vya waganga wa nchi yake, na mapema katika miaka ya 1970 akapata njia ya kutoa dawa katika mmea huo bila kuiharibu kwa moto. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na hao Ōmura na Campbell niliowataja. Kampuni ya Novartis ya Uswisi ilishirikiana na Wachina kutengeneza tembe tunazozijua.

Lakini tembe zile zilikuwa za watu wazima. Akina mama mnakumbuka kuiponda tembe chungu kwa kijiko, mtoto anatema nusu, hujui amepata dozi au hakupata. Novartis na shirika la MMV la Geneva walitengeneza tembe ya watoto inayoyeyuka kwenye maji na yenye ladha tamu. Ilijaribiwa kwa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania. Ikaponya sawasawa na ile iliyopondwa, watoto zaidi ya 97 kwa kila 100. Leo mtoto wako akipewa tembe hiyo zahanati, ujue wazazi wa nchi tano, Kenya ikiwemo, walikubali watoto wao washiriki ili wako apone.

Na kazi haijaisha. Katika nchi jirani za Uganda, Rwanda na Tanzania kumethibitishwa vimelea ambavyo vimeanza kustahimili dawa inayotokana na artemisia. Mbu na abiria hawasimami mpakani. Ndiyo maana nawasihi mmalize dozi ya AL, mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Ndiyo maana pia watafiti watarudi na dawa mpya.

Wakirudi, wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hapaswi kukaa kimya nyumbani kwake. Shikeni mambo manne.

Kwanza, uliza kama utafiti umeidhinishwa. Hapa Kenya hakuna jaribio la dawa linaloruhusiwa bila kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu.

Pili, usitie sahihi wala kidole gumba kabla hujaelewa. Fomu isomwe kwa lugha unayoijua, iwe Kiswahili, Kidigo au Kiduruma. Uliza damu itapelekwa wapi, itapimwa nini, na itahifadhiwa kwa muda gani. Uvumi wa damu kuuzwa hustawi pale ambapo maswali haya hayakuulizwa wala kujibiwa.

Tatu, una haki ya kukataa. Una haki hata ya kukubali leo na kujitoa kesho. Matibabu yako katika zahanati hayatabadilika, na mtu akikutisha kwamba yatabadilika, tuletee habari.

Nne, daini matokeo. Waambieni watafiti siku ile ya kwanza: mtarudi lini kutuambia mlichokiona?

Yule mama yupo hapa leo, nimemwona pale chini ya mwembe. Mama, nakushukuru. Ulipaswa kujibiwa kabla hujauliza, na sisi wa afya tunalibeba kosa hilo. Nimemaliza upande wangu. Sasa naketi; mwenye swali asimame, na tuanze na akina mama.