Maji Hayamngoji Mgeni: Safari ya Siku Moja Kwenda Takwa

Mazungumzo kwa mabaharia, wenye nyumba za wageni na wakazi wa Kaunti ya Lamu



Mgeni anayekuja Lamu husema amekuja kupumzika. Lakini akirudi kwao, siku atakayoisimulia si ile aliyolala barazani mpaka alasiri. Ni ile aliyotoka na mashua. Na siku hiyo haiko mikononi mwake. Iko mikononi mwa nahodha, na nahodha naye anayafuata maji.

Chukueni mfano wa mume na mke kutoka Nakuru. Ni watu wa mfano tu, lakini hakuna baharia hapa ambaye hajawahi kuwabeba. Wameoana miaka 10, watoto wamewaacha kwa nyanya yao, na ni likizo ya Agosti. Wameshuka basi Mokowe, wakavuka kwa boti hadi Lamu, na wana siku tatu za kukaa. Wamesikia habari za magofu ya Takwa, katika kisiwa cha Manda, na wanataka kwenda kesho.

Jioni wanatembea ukingoni mwa bahari wakitafuta chombo. Wanataka kuondoka saa nne asubuhi, wakishakunywa chai na mahamri bila haraka. Kijana wa kwanza anawaambia, "Saa yoyote, mama. Nyinyi tu." Mzee wa pili, nahodha mwenye mashua ya tanga, anatikisa kichwa.

"Saa nne siendi. Saa kumi na mbili na nusu tuwe tumeng'oa nanga."

Mume anaona mzee ana maringo. "Kapteni, sisi ndio tunalipa," anasema.

"Ni kweli, bwana, mnalipa nyinyi. Lakini maji hayajui hilo."

Kwa nini saa kumi na mbili na nusu

Nahodha alikuwa na sababu, na ni sababu ambayo kila anayeuza safari hii anapaswa kuweza kuieleza kwa maneno machache.

Kufika Takwa kwa chombo ni kupitia mkono wa bahari unaoingia ndani ya Manda katikati ya mikoko. Maji yakijaa, mashua hupita vizuri. Maji yakipwa, njia yote hubaki tope na mizizi. Kila siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na saa ya kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku kwa kufuata mwezi. Ndiyo maana saa iliyomfaa mgeni wa jana haiwezi kumfaa wa leo. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua bahari hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kisha saa husogea, nguvu ya maji hupungua, hadi maji mafu.

Siku ile ya wageni wa Nakuru ni siku chache baada ya bamvua, na maji yatajaa saa mbili na nusu asubuhi. Anayeingia na maji yanayojaa atafika Takwa kwenye saa mbili, atatembea magofuni, na ni lazima awe ameshatoka kabla ya saa nne. Anayeondoka Lamu saa nne atakuta maji yanakimbia. Ama atarudishwa njiani, ama ataingia kwa ubishi akwame mpaka jioni, juani, katikati ya matope, na chupa moja ya maji ya kunywa.

Yule kijana wa kwanza huenda hakuwa mwongo. Alitaka kazi. Lakini aliuza saa asiyokuwa nayo.

Ndani ya mikoko

Alfajiri, kabla ya kupanda, nahodha anauliza swali moja: "Nani hajui kuogelea?"

Mume anatazama pembeni. Mke anamnyooshea kidole. "Huyu hapa."

Wote wanacheka, lakini swali limefanya kazi yake. Jaketi la kuokoa maisha linafungwa kifuani mwa mume na kukazwa, kisha la mke, ingawa mke anajua kuogelea. Baharia kijana naye analivaa lake. Halikunjwi likawa mto wa kukalia. Chombo kikipinduka, hakuna anayepata nafasi ya kutafuta jaketi chini ya mbao.

Tanga linapandishwa. Nyuma yao mji wa Lamu unaanza kupata jua, mji ambao UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Baada ya muda mashua inaingia kwenye mikoko na upepo unakufa. Tanga linashushwa, kijana anachukua pondo na kuanza kusukuma. Pande zote ni miti iliyosimama ndani ya maji, na chaza wameng'ang'ania mizizi. Mke anauliza kama msitu huu una faida yoyote. Nahodha anamjibu kwamba samaki aliyemla jana huenda alilelewa humu akiwa mdogo, na kwamba boriti za dari ya chumba anacholala zilitoka katika mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii.

Wanafika. Wanalipa kiingilio kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ambayo ndiyo mlinzi wa mahali hapa, na wanaingia katika mji usio na watu. Takwa ilistawi kati ya karne ya 15 na ya 17. Ulikuwa mji wa mawe ya matumbawe na chokaa, umezungushiwa ukuta, na msikiti wake mkuu una nguzo iliyosimama juu ya kibla. Nje ya ukuta lipo kaburi lenye nguzo ndefu. Mibuyu imesimama kati ya kuta zilizoanguka.

Mume anauliza, "Walienda wapi?"

Wako wanaosema visima viliingia chumvi. Masimulizi ya wenyeji yanasema watu walivuka wakahamia Shela. Uhusiano huo haujakatika: mara mbili kwa mwaka watu wa Shela huja Takwa kuomba dua ya mvua. Kwa hiyo mgeni anayepanda juu ya kuta ili apigwe picha anapanda juu ya nyumba za watu ambao wana wajukuu, na ni wajibu wa anayemwongoza kumwambia hivyo kwa upole.

Saa tatu na robo, kijana anakuja kuwaita. Mke anaomba dakika tano za kupiga picha. Zinakuwa ishirini na tano. Nahodha haji mwenyewe, amebaki na chombo, anautazama mstari wa maji kwenye mizizi ya mikoko ukizidi kushuka.

Wanapoondoka ni karibu saa nne kasorobo. Katika kona ya pili mashua inagusa chini. Sauti yake ni ndogo, kama mkono unaopitishwa juu ya mkeka, lakini nahodha na kijana wanatazamana. Kijana anashuka, tope linampanda mpaka mapajani, anasukuma kwa bega. Nahodha anakandamiza pondo kwa nguvu zake zote. Mume, asiyejua kuogelea, anataka kushuka kusaidia.

"Kaa hapo hapo, bwana. Sogea mbele tu, nyuma pawe pepesi."

Anasogea. Mashua inajinasua. Kaa wekundu wanakimbia kwenye tope lililokuwa chini ya maji asubuhi ile. Hakuna anayesema neno mpaka wanapotoka kwenye maji mapana, ndipo mke anasema, "Mzee, ni mimi niliyechelewesha. Nisamehe."

"Yameisha, mwanangu. Sasa umeijua saa ya hapa."

Hapana ya pili

Safari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye uzito zaidi kwa kila baharia.

Mchana wanachoma changu kwenye mchanga wa Manda, unaokabili Shela, kwa ndimu na ukwaju. Tumbo likishashiba, mke anaitazama bahari kuu na kuomba waende mpaka nje ya mlango, waone mawimbi makubwa. Ana pesa za kuongeza. Chombo kingine kimepita kikielekea huko.

Nahodha anakataa tena. Agosti ni kusi. Upepo unavuma kuingia, na maji yanayopwa yanakimbia kutoka. Vitu hivyo viwili vikikutana mlangoni, mawimbi husimama wima na kufuatana karibu karibu, na mashua ndogo haina nafasi ya kupumua. Amebeba mtu asiyejua kuogelea. Pesa za ziada zingemsaidia, kwa sababu kusi si msimu wa wageni wengi. Lakini wakazi wa Lamu hawahitaji kufundishwa habari za vyombo kuzama. Wako wengi waliozika jamaa zao, na wako ambao jamaa zao hawakupatikana wakazikwa.

Kwa hiyo anawapeleka Shela, wanatembea ufukweni mpaka wanachoka, na jioni wanarudi Lamu kwa tanga. Wageni hawakuona mawimbi makubwa. Lakini waliporudi nyumba ya wageni, mume alikuwa na la kumsimulia kila aliyemkuta ukumbini: jinsi mashua ilivyogusa tope Takwa, na jinsi alivyosogea mbele.

Pesa za siku ile zilimfikia nahodha, kijana wa pondo, muuza samaki, mama wa mahamri na fundi anayeshona tanga. Zote zilitegemea mtu mmoja kuweza kusema hapana mara mbili kwa siku.

Basi kila mmoja ana lake. Mwenye nyumba ya wageni amwambie mgeni, usiku kabla hajalala, kwamba saa ya safari hupangwa na maji, na amwandalie chai mapema. Jedwali za maji kujaa na kupwa hutolewa na Halmashauri ya Bandari za Kenya, na zinaweza kubandikwa ukutani pale mgeni anapoandikishwa. Nahodha aulize swali la kuogelea kabla ya kung'oa nanga, asikilize utabiri wa hali ya hewa hasa wakati wa kusi, na ahakikishe chombo chake kimekaguliwa na kina majaketi ya kuwatosha wote, watoto pia. Vijana wanaotafuta wageni ukingoni wasiuze saa bila kumuuliza nahodha. Na wageni, wawe wa Nakuru au wa ng'ambo, waseme ukweli wakiulizwa, na wakiitwa waje.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa upande wa bahari, mgeni naye hupona akiwa na mwenyeji anayejua lini maji yanajaa, lini yanapwa, na lini chombo hakitoki.