Wasifu wa Rubani: Mtoto, Mzazi na Lugha ya Anga katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya ndege ya kila wiki kutoka London, na kituo cha mwisho cha safari hiyo kilikuwa Mwanza. Hakikuwa Nairobi, wala Dar es Salaam. Barua iliyotiwa katika mfuko London ilivuka Ulaya na Misri, ikafika Khartoum, kisha ikachukuliwa na ndege za kutua majini zilizofuata Mto Nile hadi ziwani. Abiria wa siku zile za kwanza waliishia Khartoum. Kilichofika Mwanza ni mifuko ya barua. Haukupita mwaka mzima, njia ikabadilishwa. Mwanzoni mwa 1932 barua zilianza kwenda hadi Cape Town kwa kupitia Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa kando.

Kisa hiki kifupi kinafaa kutangulizwa kwa sababu kinaonyesha jinsi historia ya anga ilivyoandikwa katika eneo hili. Marubani wa njia ile wana vitabu na majalada yao. Watu waliosimama ufukweni kuipokea ndege hawana hata ukurasa. Tangu hapo wamepatikana marubani wazalendo, wamezeeka, na baadhi yao wamefariki. Swali la mhadhara huu ni dogo kwa sura lakini zito kwa uzito wake: mtoto wa rubani wa namna hiyo akiketi kuandika maisha ya mzazi wake kwa Kiswahili, lugha inampa nini, na inamtega wapi?

Mtego wa kwanza umo katika jina la utanzu wenyewe. Neno wasifu limetokana na mzizi wa Kiarabu ambao kiini chake ni kueleza jinsi kitu kilivyo. Katika Kiswahili mzizi huohuo umezaa sifa, na ukazaa kusifu, na kusifu si kueleza tu, bali ni kutukuza. Ni kweli kwamba watu husema pia «sifa mbaya», kwa hiyo maana ya awali haijafa. Hata hivyo, mwandishi wa wasifu katika Kiswahili huanza kazi yake akiwa tayari amesimama jirani na msifuji. Shaaban Robert alipochapisha Wasifu wa Siti binti Saad mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo cha mwimbaji huyo, hakuuonea haya ujirani huo. Alimsifu waziwazi, naye hakuwa mwanawe.

Kwa mtoto hali ni ngumu zaidi. Wasifu ambao Watanzania wengi wameusikia mara nyingi kuliko wowote uliochapishwa ni ule usomwao msibani. Karatasi moja, pengine mbili; husomwa na mtoto au ndugu kabla ya maziko: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa lini, aliugua nini, ameacha mjane na watoto wangapi. Hakuna asiyeufahamu mpangilio huo. Hakuna pia aliyewahi kusikia karatasi hiyo ikitaja deni, ugomvi wa nyumbani au kosa la kazini. Inashangaza kwamba wahakiki wa fasihi yetu hawajaupa utanzu huu nafasi unayostahili, ilhali ndio chuo ambamo karibu kila mwandishi wa wasifu wa mzazi amefunzwa bila kujua kwamba anafunzwa. Akija kuandika kitabu, hurefusha karatasi ya msibani tu.

Ukiachwa utanzu, yapo maneno ya anga yenyewe. Hapa Kiswahili hakikuhitaji kukopa sana, kwa kuwa kilikuwa na bahari. Rubani alikuwa mtu wa chombo cha majini, mwenye kukiongoza njia. Usukani, abiria na shehena vilijulikana bandarini kabla havijapanda angani. Kutua kulikuwa kwa mpagazi aliyeshusha mzigo, na kwa jua la jioni. Mtoto wa Mwanza anayeandika kwamba baba yake «alitua» salama anatumia, bila kukusudia, neno la msafara wa miguu na neno la machweo pamoja.

Neno ndege ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote. Huitwa hivyo kiumbe mwenye mbawa, huitwa hivyo mashine, na katika matumizi ya zamani ya pwani huitwa hivyo pia dalili ya jambo lijalo, iwe njema au mbaya. Kinachotenga kiumbe na mashine ni upatanisho wa kisarufi: ndege huyu ameruka, ndege hii imeruka, ndege hawa, ndege hizi. Wasemaji wa bara wakati mwingine huulegeza upatanisho huo katika mazungumzo, na walimu huwasahihisha kana kwamba ni suala la adabu ya darasani tu. Sivyo. Katika eneo hili kuna kifo ambacho hakiwezi kusimuliwa kwa Kiswahili bila viambishi hivyo.

Michael Grzimek alizaliwa tarehe 12 Aprili 1934. Yeye na baba yake, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, waliruka kutoka Ujerumani hadi Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia. Wote wawili walikuwa marubani. Herufi za usajili wa ndege hiyo zilikuwa D-ENTE, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Kazi yao ilikuwa kuhesabu kutoka angani wanyama wa Serengeti, hifadhi ambayo upande wake wa magharibi hunyoosha mkono hadi karibu na Ghuba ya Speke. Mwaka 1958 walipata jumla ya wanyama wakubwa 366,980, na miongoni mwao nyumbu 99,481. Leo nyumbu peke yao hukadiriwa kupita milioni moja. Tarehe 10 Januari 1959 Michael akiwa peke yake angani aligongana na tai, akaanguka, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Na ijaribiwe kuandikwa sentensi ya kifo hicho. «Ndege ilimgonga ndege»: mashine ndiyo mtenda, kiumbe ndiye mtendwa. «Ndege aliigonga ndege»: sasa kiumbe ndiye aliyetenda. Nomino ni zilezile na kitenzi ni kilekile. Viambishi viwili, cha kiima na cha yambwa, vimehamisha lawama kutoka kwa kijana aliyeshika usukani kwenda kwa tai. Anayetaka kuikwepa lawama atakimbilia kitenzi cha kutendana, kugongana, na hapo atakumbana na tatizo jingine. Kitenzi hicho hudai kiima cha wingi, na sarufi haikubali kwa urahisi kiambishi kimoja cha kukusanya kiumbe hai na chombo. Waandishi wengi hutoroka kwa kusema «iligongana na tai», na hivyo kuirudisha mashine kwenye nafasi ya kiima. Mgeni anaweza kuliona jambo hili kuwa mchezo wa mwalimu wa sarufi. Mzazi au mtoto wa rubani halioni hivyo.

Katika kisa hiki aliyeshika kalamu alikuwa mzazi, si mtoto. Kitabu cha Kijerumani ambacho jina lake maana yake ni kwamba Serengeti haipaswi kufa kilitoka mwaka huohuo wa 1959 kikiwa na majina ya baba na mwana kama waandishi. Mmoja wa waandishi, kwa hiyo, anafariki ndani ya kitabu chake mwenyewe. Filamu yenye jina hilohilo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Huzuni ya baba ikawa hoja: mwanawe alikufa kwa ajili ya wanyama, basi wanyama walindwe. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kubwa, na ilifanya mema mengi. Lakini wasifu ulioandikwa ili kutetea jambo huchagua watu wake. Wafugaji na wakulima walioishi ndani na kandokando ya Serengeti, ambao maslahi yao yaliguswa moja kwa moja na mipaka mipya ya 1959, wanaonekana humo kwa mbali, kama waonekanavyo watu kutoka angani.

Baba huyo alirudi tena na tena. Kati ya 1966 na 1969 shirika la wanyama la Frankfurt alilolisimamia lilipeleka sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria, mkoani Mwanza kwa mipaka ya wakati ule. Wakazi wa kisiwa walikuwa wamekwisha hamishiwa kwingine. Alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakawekwa Ngorongoro kando ya mwanawe. Baadaye nyaraka zilionyesha kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Nazi, jambo alilokuwa amelikana. Michael aliacha watoto wawili, mmoja wao akizaliwa baada ya kifo cha baba. Kwa watoto wa namna hiyo, kila ukurasa kuhusu baba umekwisha andikwa na babu.

Mfano mwingine, wa mbali, unastahili kutajwa kwa kuwa ndani yake mtoto ndiye mwandishi. Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris mwezi Mei 1927, akawa rubani maarufu kuliko wote wa zama zake. Binti yake, Reeve Lindbergh, alichapisha mwaka 1998 kitabu cha kumbukumbu za maisha chini ya paa la baba huyo: mkali, mpenda orodha, asiye na subira na uzembe. Kilikuwa kitabu cha mtoto mkweli. Mwaka 2003 ikabainika, na vipimo vya vinasaba vikathibitisha, kwamba baba alikuwa na watoto wengine watatu kwa mwanamke wa Ujerumani. Binti hakukifuta kitabu cha kwanza. Aliandika kingine, kilichotoka mwaka 2008, na humo akalikabili jambo hilo. Karatasi ya msibani haina nafasi ya toleo la pili. Kitabu kinayo, na pengine hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya viwili hivyo.

Mtoto wa rubani ana hazina ambayo mtoto wa mvuvi au wa mwalimu hana. Rubani hulazimika kuweka daftari la safari zake: tarehe, aina ya ndege, usajili wake, kiwanja alichoondokea, kiwanja alichotua, saa alizokaa angani, mchana au usiku. Mtu anaweza kujua mzazi wake alikuwa wapi katika Jumanne fulani ya miaka arobaini iliyopita. Daftari hilo ni sahihi, na ni bubu. Halisemi kama siku hiyo aliogopa mawingu juu ya ziwa, wala kama aliondoka nyumbani akiwa amenuna. Aidha, limeandikwa kwa Kiingereza cha kazi, ilhali hofu na manung'uniko yalisemwa nyumbani kwa Kiswahili, Kisukuma, Kihaya au Kijita. Kazi ya mwandishi inakuwa kufasiri kabla haijawa kusimulia.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Wavuvi waliwahi kwa mitumbwi. Watu 24 waliokolewa na 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Baada ya ajali kama hiyo hubaki matini mbili kuhusu rubani mmoja. Ya kwanza ni wasifu wa msibani, ambao hauruhusu kosa. Ya pili ni taarifa ya uchunguzi, ambayo kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga lengo lake ni kuzuia ajali nyingine na si kugawa lawama, lakini huhesabu kila sekunde na kila neno. Kati ya matini hizo mbili yumo mzazi aliyekuwa akirudi nyumbani amechoka. Hakuna chombo chochote rasmi kinachomwandika huyo.

Kielelezo cha jinsi ya kumwandika hakiko mbali na Mwanza. Ni safari ya kivuko tu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, masimulizi marefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Ni riwaya, si wasifu. Lakini tazama wazazi wanavyoandikwa humo. Myombekere hasifiwi, anaonekana akienda kwa wakwe kumrudisha mkewe, akilipa alichotozwa, akitafuta dawa ya uzazi, akilima, akipika pombe, akikosea. Mambo yanatajwa kwa majina yake na kwa hatua zake, hata msomaji mvivu akachoka, na sifa inapatikana yenyewe bila kutamkwa. Laiti mtoto wa rubani angeieleza asubuhi moja ya ukaguzi wa ndege kabla ya safari kwa subira ileile ambayo Kitereza ameitumia kueleza dawa moja ya mitishamba!

Kitereza alijifasiri mwenyewe kwa Kiswahili baada ya mswada wake wa Kikerewe kukaa miaka mingi bila mchapishaji. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980. Mtu huyu aliyeandika habari za watu waliotafuta mtoto kwa taabu kubwa hakujaliwa kubaki na mtoto. Aliowazaa na mkewe walifariki wadogo. Walioandika mapema habari za maisha yake walikuwa wageni, Gerald na Charlotte Hartwig, Wamarekani waliofika Ukerewe kwa utafiti. Alifariki mwaka 1981, na nakala za kitabu chake zilikuwa bado hazijamfikia kisiwani.